Ziara ya Kenya katika Kombe la Kwibuka, 2021

Ziara ya timu ya taifa ya kriketi ya wanawake ya Kenya mjini Kigali, Rwanda, mwezi Juni 2021, kushiriki mashindano ya Kwibuka ya ova 20. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kenya ilikutana na Namibia, Nigeria, Botswana na wenyeji, kisha ikaishinda Namibia kwenye fainali na kutwaa kombe.

Katika mtindo huu kila upande hurushiwa mipira halali 120 tu, sita kwa kila ova, hivyo mpigaji hana muda wa kuuzoea uwanja. Mechi zilichezwa Gahanga, uwanja uliofunguliwa mwaka 2017.

Nahodha alikuwa Margaret Ngoche, wa familia ambayo haina mfano katika kriketi ya Kenya: kaka zake Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem Ngoche waliichezea timu ya wanaume, na dada yake Mary Bele timu ya wanawake.

Mwaka 2018 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilizipa timu za wanawake za nchi zote wanachama hadhi ya kimataifa katika ova 20, na tangu hapo mechi za Kwibuka huingia kwenye rekodi rasmi. Kwa wachezaji wanaostahili mechi nyingi kuliko wanazopata, hilo ni jambo kubwa. Mwaka 2022 Kenya ilirudi Kigali na kufika fainali, ikafungwa na Tanzania.