Filimbi ya Bati: Ipi Ni Bora?

Ndugu wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, somo letu la leo ni historia ya chombo kidogo: filimbi ya bati yenye matundu sita.

Je, ukikuta dukani filimbi mbili, moja ya bati lililopakwa rangi, nyingine ya shaba inayong'aa, utanunua ipi? Usichague kwa macho. Sikiliza kwanza habari zake.

Filimbi hulia namna gani? Pumzi hupita katika njia nyembamba, ikagonga ukingo mkali, na hewa iliyomo ndani ya bomba ikatetema. Endere, filimbi ya Waganda, humtaka mpigaji aielekeze pumzi kwa midomo yake mwenyewe. Kazi hiyo yataka subira. Katika filimbi ya bati, njia ya pumzi imekwisha tengenezwa. Hata mtoto akipuliza, italia. Lakini kulia si kuimba.

Mwaka 1843, Robert Clarke, kibarua wa shamba huko Uingereza, alianza kutengeneza filimbi za bati. Alikunja kipande cha bati kikawa bomba, pana juu, jembamba chini. Mdomoni alitia kizibo cha mti. Bati lilikuwa rahisi, basi hata maskini aliweza kununua. Filimbi ya namna hii ina sauti laini yenye mvumo wa pumzi, lakini mpigaji huchoka upesi, maana hula pumzi nyingi.

Baadaye zilitoka filimbi za Generation, za Uingereza pia. Bomba lake ni la shaba, limenyooka, na kichwa chake ni cha plastiki. Sauti yake ni safi na kali, wala haitaki pumzi nyingi. Lakini angalieni: hata mbili zenye jina moja huweza kutofautiana. Kipande kidogo cha plastiki kikibaki katika njia ya pumzi, sauti hukwaruza.

Sasa twende kusini. Sisi twajua migodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Mgodi hukusanya watu wa makabila mengi, na kila mtu huja na ngoma yake. Ndivyo ulivyokua mji wa Johannesburg, ulioanzishwa kwa ajili ya dhahabu mwaka 1886.

Katika miaka ya 1950, vijana wa huko walipiga filimbi barabarani. Muziki wao uliitwa kwela. Wengi walitumia filimbi za Hohner, za Ujerumani. Waliigeuza filimbi upande kinywani, mdomo ukafunika sehemu ya tundu la sauti, na mlio ukawa mnene. Fundi wa Ulaya hakuwafundisha hivyo, walivumbua wenyewe. Spokes Mashiyane akawa mashuhuri kwa sahani zake za santuri. Mwaka 1958 wimbo "Tom Hark", wa Elias Lerole na wenzake, ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Uingereza. Filimbi ilirudi kwao ikiwa na sauti ya Afrika! Kwela ilifika Malawi pia, ambako Donald Kachamba aliipiga mpaka akajulikana Ulaya.

Basi, ukitaka kununua, fanya hivi. Kwanza, ziba matundu yote sita, upulize polepole. Sauti ya chini isikike wazi. Pili, ongeza pumzi kidogo. Sauti ipande bila kupiga kelele. Tatu, tazama vidole vyako. Kama huwezi kufunika matundu bila kujikaza, chagua iliyo fupi. Mwenye duka akikataa usipulize, shika shilingi zako uende kwingine.

Jina la fundi ni msaada, si ahadi. Chombo rahisi kilichopimwa kwa sikio hushinda chombo cha fahari kilichopimwa kwa macho.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maskini aliweza kununua filimbi ya Clarke?
2. Vijana wa Johannesburg walibadili nini?
3. Taja njia tatu za kupima filimbi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.