Inspekta Mcheshi wa Televisheni: Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Inspekta mcheshi ni mhusika wa polisi au mpelelezi ambaye vituko vyake humshika mtazamaji kuliko kesi anayoichunguza. Nchini Kenya anajulikana zaidi kwa jina la Inspekta Mwala, anayeigizwa na Davis Mwabili katika kipindi cha Citizen TV chenye jina hilo hilo. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya na Embu vipindi vya namna hii hutazamwa majumbani na katika hoteli za chai, ambako televisheni hutundikwa karibu na dari ili hata aliyekaa pembeni na mandazi yake aone. Hoja ya makala hii ni kwamba utamu wake, katika nchi hii ya mlimani hasa, uko katika kubadilishana viti: afande amekaa pale pa kuchunguzwa, na raia ndiye anayechunguza.

Tofauti huonekana ukimweka kando ya wenzake wa nje. Luteni Columbo wa Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk, huvaa koti lililokunjamana na kujifanya msahaulifu, lakini muuaji akishamdharau tu amekwisha. Adrian Monk, aliyeigizwa na Tony Shalhoub kuanzia 2002 hadi 2009, huogopa vijidudu, mahali pa juu na vitu vingine chungu nzima, na woga huo huo ndio unaomfanya aone kilichohama mahali pake. Kwa hao wawili kituko ni ala ya akili. Fasihi ya Kiswahili nayo ina mpelelezi wake wa ajabu, Bwana Msa wa Unguja, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Huyu na kiko chake hufumbua mafumbo akiwa raia, huku Inspekta Seif, mtu wa serikali, akimfuata nyuma. Tayari Abdulla alikuwa ameitoa akili ndani ya kituo cha polisi na kumkabidhi mtu wa mtaani. Inspekta Mwala amepiga hatua moja zaidi. Yeye hujisifu, huhukumu kabla ya kusikia, na pua yake hunusa kitu kidogo kabla haijanusa mhalifu. Katika hadithi hakuna Bwana Msa wa kumsahihisha, kwa hiyo kazi hiyo inamwangukia anayetazama.

Kwa Wakikuyu kazi hiyo si ngeni. Mchezo wa vitendawili, gwata ndai, humtaka anayesikiliza ndiye afumbue, na aliyetega hukaa akingoja. Lakini kuna historia nzito zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, upelelezi ulifika vijijini Nyeri na Murang'a ukiwa na sura ya gakunia. Huyo alikuwa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Watu walipangwa foleni, wakapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, mtu alitolewa pembeni kama Mau Mau, yaani mpiganaji dhidi ya ukoloni, bila kujua nani amemtaja wala kwa kosa gani. Katika mji wa Nyeri wenyewe, Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kumbukumbu za kesi hiyo hazikuonekana hadharani kwa miongo kadhaa, hadi zilipochapishwa kitabuni 2017. Upelelezi wa enzi hiyo ulimwona kila mtu, wenyewe usionekane. Inspekta wa televisheni ana uso wazi. Kamera inakaa juu yake anapojikuna, anapobabaika, anapohesabu noti akidhani yuko peke yake.

Lugha nayo ina uzito wake. Kwa vizazi vya mlimani, Kiswahili kilikuwa lugha ya geti, ya foleni na ya swali la kipande, hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni. Hadi leo kitambulisho huitwa kipande mitaani. Watu wazima wengi hapa walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya kuamrishwa. Kumsikia afande akijikwaa katika Kiswahili hicho hicho, akajitia kitanzi kwa maneno yake mwenyewe, ni furaha ambayo Kikuyu peke yake kisingeweza kuitoa.

Ucheshi wa kuikabili serikali una mizizi hapa pia. Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri na mwandishi wa safu ya gazetini ya Whispers, alifungwa mwaka 1986 katika msako wa Mwakenya, harakati ya siri ya kuipinga serikali. Baadaye, hadi kifo chake 2003, alipeleka michezo ya Kikuyu ya kuwakejeli wakubwa katika baa, mahali wananchi walipokuwa tayari wamekaa. Kipindi cha Vioja Mahakamani cha KBC, shirika la utangazaji la taifa, kilikwisha kuwazoesha Wakenya kuiona korti kama jukwaa.

Wapo wanaosema kicheko hiki hutegemea kuiga lafudhi za makabila. Ni kweli kwa sehemu, na mara nyingine mzaha huo ni mvivu. Lakini lafudhi pekee isingebeba kipindi cha miaka mingi. Pingamizi zito ni lingine: kwamba mcheshi humsafisha polisi, akageuza rushwa na ukatili kuwa tabia ya mjomba mpendwa. Pingamizi hili halina budi kujibiwa kwa tukio halisi. Agosti 2021, huko Kianjokoma, Kaunti ya Embu, ndugu wawili walikamatwa usiku wakati wa kafyu ya Covid-19, kisha wakapatikana wamekufa. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba waliruka kutoka gari lililokuwa likienda. Hakuna kipindi kinachoweza kuchekesha jambo hilo, wala hakipaswi kujaribu. Hata hivyo wakazi hawakuyameza maelezo hayo: waliandamana, wakauliza vijana wawili waliokwisha kukamatwa wanarukaje gari la polisi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, na baadaye maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Televisheni haikuwafundisha wakazi hao ujasiri. Uchungu wao ulitosha. Ila swali waliloliuliza ni la jamii yao yenyewe, swali lile lile linalosikika hotelini afande wa kuigiza anapoanza kueleza kilichotokea: aliyeketi meza ya mwisho huweka kikombe chini na kuuliza, "Sasa hapo imewezekanaje?"