Kenda

Ukinunua mboga hapa Mapendo, mjini Goma, sikiliza mama wa meza anavyopiga hesabu. Fungu la nyanya faranga 500, vitunguu 400. "Ni mia kenda, dada." Ukimpa noti ya 1,000, hatoi chochote kichwani. Anaanzia pale alipofikia, anakuwekea noti ya 100 kiganjani: "Mia kenda, na mia moja, elfu." Amejumlisha tu, na chenji imejitokeza yenyewe. Naipenda sana hesabu hiyo, maana mnunuzi naye anaifuata kwa macho.

Kenda ndiyo tisa. Tisa ilitoka Kiarabu, pamoja na sita na saba. Hata neno jumla ni la huko. Kenda ni Kibantu: ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda husema icyenda, na Wakikuyu wa Kenya husema kenda vilevile. Pwani utalikuta neno hilo zaidi katika methali na mashairi ya zamani. Hapa Goma neno hilohilo linauza nyanya.

Basi shuleni, mtoto akijibu kwamba tano na ine ni kenda, namwomba mwalimu asimkate alama. Amejumlisha sawasawa, tena kwa Kiswahili.