Diesterweg: Mwalimu aliyeondolewa kazini akaingia Bungeni

ADOLPH Diesterweg anakumbukwa nchini Ujerumani kama mtetezi mkuu wa walimu wa shule za msingi katika karne ya 19. Msimamo wake ulimgharimu kazi, lakini ndio uliomfikisha Bungeni.

Alizaliwa Oktoba 29, 1790 katika mji wa Siegen, babake akiwa afisa wa mahakama. Baada ya masomo ya chuo kikuu alifundisha Worms, kisha mnamo 1813 akahamia Frankfurt. Huko alivutiwa na mafunzo ya Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, aliyeamini kuwa mtoto hujifunza kwa kutazama na kutenda, wala si kwa kukariri tu.

Mnamo 1820 aliteuliwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Moers, katika eneo la Rhine lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Aliwahimiza wanafunzi wake kuanza somo kwa jambo ambalo mtoto analijua ndipo wamwongoze kwa lile asilolijua. Mwaka wa 1827 alianzisha jarida la walimu, Rheinische Blätter, na mnamo 1832 akahamishiwa Berlin kuongoza chuo cha walimu wa shule za mijini.

Wakati huo mwalimu wa kijijini alikuwa mtu duni. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na wengi walilazimika kupiga kengele na kinanda kanisani ili kujikimu. Aliyemkagua alikuwa kasisi wa eneo hilo, hata kama kasisi huyo hakusomea ualimu.

Diesterweg, ingawa hakuipinga dini, alishikilia kwamba shule isimamiwe na wenye ujuzi wa kufundisha, na kwamba watoto wasitenganishwe kwa misingi ya madhehebu. Aidha, aliwataka walimu waungane kutetea maslahi yao. Kauli hizo ziliiudhi serikali. Mnamo 1847 aliondolewa katika wadhifa wake, na mwaka wa 1850 akastaafishwa rasmi.

Pigo jingine lilifuata mnamo Oktoba 1854. Serikali ilitoa kanuni zilizotungwa na afisa wake, Ferdinand Stiehl, ambazo zilipunguza masomo ya vyuo vya ualimu na kutilia mkazo dini na kukariri. Kwa Diesterweg, hiyo ilikuwa njia ya kuwanyima walimu elimu ili wabaki watiifu. Alizishambulia kanuni hizo katika maandishi yake, mwaka baada ya mwaka.

Mnamo 1858, mrithi wa kiti cha ufalme alipolegeza kamba za utawala, wapiga kura wa Berlin walimchagua Diesterweg katika Bunge la Prussia. Akiwa na umri wa miaka 68, sasa aliweza kuwakabili mawaziri ana kwa ana. Alikaa upande wa waliberali na kuendelea kudai kanuni za Stiehl zifutwe.

Hakuishi kuyaona matunda ya vita hivyo. Kipindupindu kilipozuka Berlin, kilimuua Julai 7, 1866. Miaka sita baadaye, mnamo 1872, sheria mpya iliweka ukaguzi wa shule za Prussia mikononi mwa serikali, na mwaka huohuo kanuni za Stiehl zikafutwa.