Kutoka Butiama hadi Kamusini: Historia ya Neno "Kung'atuka" na Suala la Asili na Maana katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya neno kung'atuka, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kizanaki, lugha ya wenyeji wa Butiama mkoani Mara. Hoja yetu ni kwamba maana iliyozoeleka leo, yaani kuacha madaraka kwa hiari, ina mizizi zaidi katika tendo la mtu mmoja mwaka 1985 kuliko katika desturi iliyolizaa neno lenyewe. Katika desturi hiyo, kuondoka kulikuwa wajibu wa kizazi kizima kwa wakati wake. Makala yanaonesha pia kwamba mofolojia ya Kiswahili imeliwezesha neno hili kuzaa umbo la kung'atuliwa, ambalo linakinzana na desturi na tendo hilo kwa pamoja. Mifano michache ya nahau za Kiingereza inatumika kufafanua mbinu ya uchunguzi.

1.0 Utangulizi

Kabla ya mwaka 1985 Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno ya kueleza mtu anavyotoka katika cheo. Aliyetimiza umri wa kazi alistaafu. Aliyeona kwamba kosa limetendeka chini ya dhamana yake alijiuzulu, kama alivyofanya Ali Hassan Mwinyi mwaka 1977 alipoacha uwaziri wa mambo ya ndani. Aliyepoteza imani ya wakubwa wake aliachishwa au alifukuzwa. Katika mazungumzo ya leo, wengi wa hawa huweza kuelezwa kwa nahau moja tu: wameachia ngazi. Hata hivyo, Mwalimu Julius Nyerere alipokabidhi urais kwa Mwinyi huyohuyo tarehe 5 Novemba 1985, neno lililoshika ndimi za watu halikuwa lolote kati ya hayo. Lilikuwa neno la nyumbani kwake: kung'atuka.

Leo neno hili halihitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Wanafunzi wengi hulijua kuwa ni la Kizanaki, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Makala haya yanauliza swali linalofuata: neno lilipotoka Butiama, lilibeba nini, liliacha nini, na limeokota nini njiani?

2.0 Tahadhari ya Kimbinu: Asili si Maana

Uchunguzi wa asili ya misemo una mitego inayofahamika vizuri katika taaluma ya Kiingereza, na inafaa kuitazama kwa ufupi kabla ya kurudi Mara.

Mtego wa kwanza ni hadithi tamu. Waingereza huita kanuni ya makadirio, isiyotegemea vipimo halisi, kanuni ya kidole gumba. Kwa muda mrefu imeelezwa kwamba msemo huo ulitokana na sheria ya kale iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Wachunguzi wa historia ya sheria hawakuikuta sheria ya namna hiyo, ilhali msemo wenyewe unaonekana katika maandishi ya karne ya 17 ukihusu kazi na vipimo. Hadithi ilibuniwa baadaye ili kuujibu msemo.

Mtego wa pili ni kumfanya aliyelipa neno umaarufu kuwa ndiye chanzo chake. Mwingereza asiyeelewa kitu husema kwamba kwake hicho ni Kigiriki, na wengi huutaja mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, wa mwaka 1599 hivi, kuwa ndiko msemo ulikotoka. Lakini Kilatini cha zama za kati kilikuwa tayari na usemi unaofanana nao. Zaidi ya hayo, mhusika Casca hasemi kwa mafumbo: Cicero amezungumza Kigiriki kwelikweli, na Casca hakijui. Mchezo uliueneza msemo, na matumizi ya baadaye yakaung'oa katika tukio lake. Nyerere aliufahamu mchezo huo kwa undani, kwani tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba asili hufa maana inapobadilika. Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Msomaji aliyelelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliona katika anwani hiyo wanyonyaji wenye mitaji. Lakini neno bepari lilifika pwani kutoka lugha za India likiwa na maana ya mfanyabiashara, na hivyo ndivyo anwani ya Kiingereza inavyosema. Maana ya kale na maana mpya zinakaa katika neno moja, na anwani inapata nguvu yake kutokana na zote mbili.

3.0 Neno Nyumbani Kwake

Kizanaki ni mojawapo ya lugha nyingi za Kibantu zinazozungumzwa katika eneo dogo upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Katika uainishaji wa Guthrie imepewa alama E44. Wazungumzaji wake wanaishi hasa katika wilaya ya Butiama, iliyomegwa kutoka Musoma mwaka 2012. Jirani zao ni Waikizu na Wasizaki wa upande wa Bunda, Wajita na Wakwaya wa upande wa ziwa, Wangoreme, na kaskazini Wakuria. Mtoto wa Butiama aliyekwenda shule Musoma alitoka katika lugha moja akaingia katika Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyerere, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12.

Jamii kadhaa za eneo hili zilijipanga kwa vizazi na marika. Bischofberger (1972) aliuchunguza mfumo huo miongoni mwa Wazanaki, na historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya Kusini, ambazo Shetler alizihariri na kuzichapisha mwaka 2003, zinaonesha uzito wake kwa majirani pia. Kanuni ya msingi ni kwamba mtu hachagui daraja la kizazi chake. Daraja la mtoto hutokana na daraja la baba yake, na madaraja hufuatana kwa utaratibu unaojulikana. Kizazi kinachoshika dhamana ya nchi hufika wakati wa kuikabidhi kwa kinachofuata. Tendo hilo la wazee kuwaachia waliowafuata ndilo linaloelezwa kwa neno kung'atuka.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mtendaji ni kizazi: mzee mmoja hawezi kung'atuka huku wenzake wa daraja moja wakibaki. Pili, wakati hauchaguliwi na anayeondoka. Tatu, anayeng'atuka hapotezi heshima, kwa kuwa anahama kutoka nafasi ya kutenda kwenda nafasi ya kushauri. Katika mazingira hayo, kumsifu mzee kwa kung'atuka kungekuwa sawa na kuyasifu mavuno kwa kuja baada ya mvua. La ajabu lingekuwa kukataa.

Hapa pana jambo ambalo mijadala kuhusu neno hili hulipita haraka. Nyerere alikuwa mtoto wa chifu. Baba yake, Nyerere Burito, alisimikwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1915, akaendelea chini ya Waingereza, na akabaki chifu hadi alipofariki mwaka 1942. Uchifu wa namna hiyo ulikuwa jambo jipya kwa Wazanaki, na haukuwa na siku ya kukabidhi. Kwa hiyo, katika Butiama ya utoto wa Mwalimu palikuwa na kanuni mbili za mamlaka: ya kiti, ambayo mtu huiacha kwa kufa, na ya kizazi, ambayo watu huikabidhi wakiwa hai. Neno alilolipeleka katika siasa za taifa lilitoka katika kanuni ya pili, ambayo ilikuwa kongwe kuliko kiti cha baba yake. Serikali yake ilikuwa imekwisha kuufuta uchifu mwaka 1963.

4.0 Mwaka 1985 na Kuzaliwa kwa "Hiari"

Kwa nini maneno yaliyokuwapo hayakutosha? Historia yake katika Kiswahili inatoa jibu. Kujiuzulu kumejengwa juu ya uzulu, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha kumwondoa mtu katika cheo. Kiambishi -ji- kinamfanya mtu awe mwondoaji na mwondolewaji kwa pamoja, na harufu ya kosa inabaki. Kustaafu nako kuna asili ya Kiarabu, katika neno la kuomba kuachiliwa kazi. Katika Kiswahili kumefungamana na umri, utumishi na kiinua mgongo. Hakuna kati ya hayo mawili lililoweza kumweleza mkuu wa nchi ambaye hakushindwa, hakufukuzwa, na bado alikuwa na nguvu.

Barani Afrika tukio lenyewe lilikuwa nadra. Léopold Senghor wa Senegal aliacha urais mwishoni mwa mwaka 1980, na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun mwaka 1982. Kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili, basi, neno geni na tendo geni vilifika pamoja, na kimoja kikawa ufafanuzi wa kingine. Hawakuwaona wazee wa Kizanaki wakikabidhi nchi. Walimwona mtu mmoja, akiondoka peke yake, kwa wakati aliouchagua, kisha akibaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Sifa za mtu huyo zikawa vijenzi vya maana ya neno: upekee, hiari, na uungwana wa kuacha kitu ambacho angeweza kuendelea kukishika.

Hivyo ndivyo wajibu ulivyogeuka kuwa hisani. Hili si kosa la lugha, kwani Kiswahili kilipokea kilichokiona. Lakini athari yake si ndogo. Tunaposema kwamba kiongozi ameng'atuka kwa hiari, tunakubali kimyakimya kwamba kubaki kulikuwa haki yake. Kizanaki, ambamo neno lilizaliwa, hakikumpa mtu wala kizazi haki hiyo.

Inashangaza zaidi tunapolinganisha neno na sheria. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano kwa rais wa Tanzania. Chini ya ukomo huo Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005, na Jakaya Kikwete mwaka 2015. Kuondoka kwao kulikuwa kwa zamu, kwa wakati uliowekwa, bila kutegemea utashi wao. Kwa vigezo vya Butiama, hawa wanakaribia zaidi maana ya awali ya kung'atuka kuliko Nyerere mwenyewe. Hata hivyo, desturi ya lugha ni kusema kwamba walimaliza muda wao, na neno kung'atuka tunamhifadhia Mwalimu. Neno limeganda katika tukio lililoliingiza, huku jambo lililolizaa likiendelea kwa jina jingine.

5.0 Kutoka Kung'atuka hadi Kung'atuliwa

Safari ya neno haikuishia hapo. Maneno ya Kiarabu kama staafu na uzulu hayana irabu tamati -a, na ingawa hupokea baadhi ya viambishi vya unyambuaji (staafisha, uzuliwa), hayawezi kuingia katika jozi za -ua na -uka. Neno la Kizanaki lilikuja na umbo la Kibantu, hata sauti ya ng' ikiwa tayari katika Kiswahili. Msemaji alipolisikia alilipanga bila kufikiri pamoja na ng'oka, pasuka na teguka. Na penye ng'oka pana ng'oa. Penye pasuka pana pasua. Hivyo, hasa katika Kiswahili cha vyombo vya habari vya Kenya, likapatikana ng'atua, na kwa kauli ya kutendwa, ng'atuliwa: mtu hung'atuliwa mamlakani kwa kura, kwa hoja ya bunge au kwa mapinduzi.

Mofolojia hiyohiyo inaalika etimolojia ya mtaani. Kwa kuwa funga huzaa funguka, ni rahisi kudhani kwamba ng'ata huzaa ng'atuka, yaani kuachia kilichoumwa kwa meno. Picha hiyo inavutia, kwa sababu wapo viongozi wanaoyang'ata madaraka hivyo. Lakini inafanana na hadithi ya kidole gumba: inalieleza neno kwa vipande vya lugha iliyolipokea, badala ya lugha iliyolitoa.

Matumizi ya habari yamekwenda mbali zaidi. Hosni Mubarak wa Misri alipoondoka Februari 2011 kwa shinikizo la umma, na Robert Mugabe wa Zimbabwe alipoondoka Novemba 2017 baada ya jeshi kuingilia kati, neno kung'atuka lilitumika kwa wote wawili. Siku hizi kiongozi hutakiwa, hushinikizwa, hata hulazimishwa kung'atuka. Tuna basi maana tatu zilizopangana: kizazi kukabidhi kwa zamu, mtu mmoja kuacha kwa hiari, na mtu yeyote kuondoka kwa sababu yoyote. Maana ya tatu ndiyo yenye matumizi mapana, na ndiyo yenye habari kidogo zaidi.

6.0 Hitimisho

Hatupendekezi kwamba wasemaji warudishwe Butiama kwa nguvu. Kama ilivyokuwa kwa Kigiriki cha Casca, neno likishang'oka katika tukio lake huishi kwa kanuni zake lenyewe. Tunachopendekeza kinawahusu watunga kamusi na watafiti. Kidahizo cha ng'atuka kioneshe asili ya Kizanaki, kitenganishe maana hizo tatu, na kisiifanye hiari kuwa sharti la neno zima. Umbo la ng'atua lipewe kidahizo chake, kwa kuwa ni zao la Kiswahili na si la Kizanaki.

Kazi ya pili ina haraka zaidi. Maelezo kamili ya neno hili, yaani miktadha yake ya kisherehe, maneno yaliyoambatana nalo na yale yaliyokuwa kinyume chake, yamo katika kumbukumbu za wazee wanaozungumza Kizanaki, huku wajukuu wao wakilelewa Musoma na Bunda kwa Kiswahili. Kiswahili kiliazima neno na kuacha desturi ilikolitoa. Deni hilo bado linaweza kulipwa kwa utafiti wa uwandani, maadamu wapo wa kuulizwa.