Ukuta Mweupe Ulikuwa na Upande

Kila mtu anayehamia keja mpya siku hizi anataka kijivu cha makaa ukutani. Krimu imekuwa ya washamba. Sawa, lakini kabla hujamwita fundi, twende Lamu kidogo.

Nyumba za mawe za waungwana wa Lamu, hasa za karne ya 18, zilibanwa na miti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, kwa hivyo chumba kilikuwa na upana wa kama mita 3 tu, hata kiwe kirefu vipi. Vyumba vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Mbele kuna kiwanda (si cha sukari, ni ua usio na paa), kisha misana, halafu ndani, chumba cha faragha kabisa. Madirisha karibu hakuna. Nyumba iliipa barabara kisogo. Mwanga uliingilia kiwandani, ukasogea chumba hadi chumba ukizidi kuchoka.

Mafundi walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakazipaka kuta nyeupe. Na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo nakshi za plasta zinavyozidi, hadi kule ndani unakuta zidaka, vile vishubaka vidogo, safu juu ya safu. Penye giza zaidi ndipo palipopambwa zaidi, kila ukingo ukidaka mwanga uliobaki.

Mtafiti Linda Donley-Reid aliona jambo jingine. Ndani ndimo watoto walimozaliwa na maiti kuoshwa, kwa hivyo alizisoma nakshi hizo kama kinga. Lakini weupe huo pia ulikuwa cheo. Watumwa wa nyumbani waliwekwa orofa ya chini pamoja na mizigo, na maskini wa mji waliishi kwenye udongo na makuti. Sisi tunaziita nyeupe, krimu na kijivu rangi zisizo na upande. Ile ilikuwa na upande, tena wazi.

Sasa rudi Nairobi. Kama dirisha lako ni moja na linatazama ukuta wa ploti jirani, wewe unaishi ndani bila zidaka. Nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, kijivu cha makaa hata 15 hakifiki, na tofauti utailipia kwa tokeni za stima, taa ikiwaka saa sita mchana. Ukiwa na dirisha kubwa la upande wa jua, paka giza, litakupumzisha macho. Ila muulize keateka kwanza kama utadaiwa kurudisha krimu ukihama.