Kuta na Majira: Urembo wa Nyumba katika Nchi ya Masafu

Katika miji yetu umezuka mtindo wa kupamba sebule kwa vyungu, mikeka, nyungo na vibuyu. Wenye kufanya hivyo husifiwa kwa kuurudia usahili wa shamba. Hatuupingi mtindo huo. Lakini yafaa tujiulize usahili huo ulikuwa kitu gani pale ulipozaliwa. Kwa mfano, tutaitazama nchi ya Masafu, iliyo katika Wilaya ya Busia upande wa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997.

Wenyeji wa Masafu ni Wasamia, ambao wahunzi wao walisifika kwa majembe waliyoyafua kwa chuma cha vilima vyao. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa chini ya himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo Wasamia waligawanywa na mpaka, wengine wakawa ng'ambo ya pili ya Mto Sio. Serikali zikawa mbili, lakini namna ya kujenga na kupamba nyumba haikugawanyika.

Nyumba ya kale ilijengwa kwa nguzo na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo haimaliziki. Mvua za masika na za vuli huumomonyoa udongo, na jua huupasua. Ndiyo maana kila baada ya mavuno, na hasa Desemba mvua zinapopungua, wanawake huzisiriba kuta upya kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Rangi hutoka karibu: udongo mwekundu njiani, udongo mweupe bondeni, majivu na masizi jikoni. Mapambo huchorwa kwa vidole au kwa kitambaa. Uwanja nao husiribwa, ili wimbi lianikwe pasipo kuchanganyika na mchanga. Tangu dini ya Kikristo ilipoenea, kazi ya Desemba imefungamana na maandalizi ya Krismasi.

Ni dhahiri basi kwamba urembo huo haukuwa kitu cha kuongezwa baada ya kazi. Matengenezo yenyewe ndiyo yaliyokuwa pambo. Ukuta uliong'aa uliwaambia wapitao kwamba mavuno yamekwisha kuingia na kwamba mwenye nyumba ana mikono yenye bidii.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Kodi ya nyumba, iliyoanza Buganda mwaka 1900 na upande wa Kenya mwaka 1901, iliwalazimisha watu kutafuta fedha. Pamba, iliyoingizwa Uganda mwaka 1903, ikawa njia mojawapo ya kuzipata; nayo huchumwa zaidi wakati wa kiangazi, miezi ile ile ya kusiriba. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha ikafika Kampala kwa kupitia Tororo mwaka 1931. Mabati yakawa rahisi kupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikajengwa Tororo, kikitumia mawe ya chokaa ya vilima vya hapo. Ukuta wa saruji haudai kusiribwa. Anayeujenga ni fundi wa kulipwa, aghalabu mwanamume, naye akiisha kupiga lipu huenda zake.

Hatusemi kwamba watu walikosea. Nyasi huvuja na kushika moto, na kuchota udongo na maji ni mzigo mzito ulioelemea mabega ya akina mama. Aliyepata bati alipumzika, na ilikuwa haki yake. Hata hivyo, pamoja na mzigo ule aliutua pia ufundi wake. Ukuta wa nyumba ulikuwa mahali ambapo mwanamke alitia alama yake mbele ya watu wote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapohusika. Twafundisha methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na mwanafunzi aliyelelewa ndani ya saruji huikariri tu. Kwake ufa ni mchoro mwembamba usio na madhara. Lakini kwa mtoto wa nyumba ya udongo, ufa ni mlango wa mvua, nayo mvua ya msimu mmoja yaweza kuliangusha pande zima. Vivyo hivyo maneno kama kukandika, kusiriba, fito na kuezeka yamebaki kuwa msamiati wa mtihani.

Twapendekeza kwamba shule za pande zote mbili za mpaka ziwatume wanafunzi kwa bibi zao, wakaulize udongo upi ulichimbwa wapi, ulichanganywaje, na kila pambo liliitwaje kwa Kisamia, kisha walieleze kwa Kiswahili. Mapambo hayo hayana hifadhi nyingine. Kila msimu mvua huyafuta, na mkono ulioyachora usipoulizwa leo, hakuna atakayeweza kuyarudisha.